Skii za Burulai na Mdomo wa Mgeni

Kwaru, kwaru, kwaru. Kulikuwa bado hakujapambazuka niliposikia sauti hiyo ikitoka kwenye ukumbi wa kuvulia viatu, nikadhani panya amerudi kwenye gunia la unga. Nikachukua kiatu cha mume wangu, nikaenda kwa kunyata. Kumbe ni mjukuu wangu Burulai, amekaa sakafuni na taa ndogo kichwani, ananoa kwa tupa kingo za chuma za skii zake, zile mbao za kutelezea thelujini.

"Bibi, unataka kunipiga kwa kiatu?"

"Nilidhani wewe ni panya."

"Panya gani anatumia tupa?"

"Panya wa siku hizi, nani anawajua?"

Akacheka, akaendelea kunoa. Nikamwekea mto chini ya makalio maana sakafu ilikuwa baridi, nikaenda kuwasha jiko.

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi Burulai alikuwa na mtihani. Mgodi wetu wa makaa ya mawe ulipofungwa, kijiji cha Ak-Tektir kilibaki na theluji tu, na bahati nzuri kuna watu duniani wanaosafiri kuitafuta. Vijana wetu huwapandisha wageni hao mlimani na kuwashusha salama. Kubat, mkuu wa waongozaji, alikuwa na nafasi moja tu majira yale. Mtihani wake ni kushuka Korongo la Mbwamwitu na gunia la viazi mgongoni, kwa sababu mgeni akichoka hubebwa vivyo hivyo, na kwa maneno ya Kubat, viazi angalau havilalamiki. Burulai akishinda, angebaki nyumbani na kufanya kazi anayoipenda. Akishindwa, angekwenda mjini kwa shangazi yake kuuza vifuniko vya simu, na nyumba yetu ingebaki na wazee wawili na jogoo.

Na skii nyingine hakuwa nazo. Hizo zilikuwa pana kama ubao wa kukandia unga, zimepinda juu mbele na nyuma pia, ndiyo maana mzee wangu husema hazijui kama zinakwenda au zinarudi. Mgeni mmoja alituachia zamani, Burulai akiwa mfupi kuliko hizo skii. Alisema zimetengenezwa kwa kuruka na kugeuka hewani, na kwa kushuka kwenye theluji nene isiyo na njia. Hakusema kwamba zinafaa pia kubebea nyasi za ng'ombe. Hilo tuliligundua wenyewe.

Mchana kigari kimoja chenye kibomba cha moshi juu ya paa kikasimama langoni. Akatoka mtu mrefu, sharubu zimeganda barafu, akajigonga kichwa kwenye mlango wetu, akauomba mlango radhi. Nikampenda papo hapo.

Jina lake Urs, kwao Uswisi. Lugha yetu aliisema kama mtu anayetembea juu ya barafu, taratibu, akijaribu kila neno kabla ya kulikanyaga.

"Kazi yangu ni kuvunja skii," alisema baada ya bakuli la kwanza la chai.

Mzee wangu, Sagynbai, akaacha kutafuna. "Kuvunja?"

"Ndiyo, mzee. Watengenezaji wananiletea. Nazipinda, nazigandisha, nazigonga kwenye mawe, naruka nazo juu ya vyuma mpaka zivunjike. Halafu nawaambia zilivunjikia wapi."

"Na unakula kwa kazi hiyo?"

"Nakula, ndiyo."

Mzee akanigeukia. "Kikongwe wangu, kumbe mwanao Kanat alipokuwa anavunja madirisha alikuwa anajifunza kazi, na sisi tukamchapa!"

Urs alicheka mpaka barafu ya sharubu ikadondoka kwenye jamu. Kisha akaeleza kilichomleta. Skii za aina ile, alisema, huteswa kuliko zote. Mtu akiruka sana, kingo hupasuka. Akipita kwenye mawe yaliyofichwa na theluji, tumbo la skii huchanika, maji huingia kwenye ubao wa ndani, ukavimba na kuoza. Au skrubu zinazoshika kiti cha buti, pale mguu unapofungwa, hung'oka zote kwa pamoja, na mwenye skii huendelea na safari peke yake. Chache huvuka majira matatu ya baridi. Lakini yule mgeni wetu wa zamani alimwambia kwamba zake bado zi hai Ak-Tektir.

"Nimekuja kuziona tu," alisema.

Burulai akazileta, amezifuta kama mtoto anayepelekwa kwa daktari. Urs akazipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole pale tulipoziba tumbo kwa kifuniko cha plastiki cha ndoo kilichoyeyushwa. Akanusa mafuta ya mkia wa kondoo ninayozipaka. Akauliza nani huzikausha, nikasema mimi, kila jioni, mbali kidogo na jiko, kama mkate unaosubiri kuumuka. Akatikisa kichwa, macho yamemlowa kidogo.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana! Maisha yangu yote sijaona skii nzuri kama hizi."

Nikafumba macho.

Kwetu mgeni akisifu kitu kwa mdomo wake, kitu hicho ni chake. Ndivyo alivyofanya baba wa mzee wangu, na babu yake, aliyempa mgeni farasi akarudi nyumbani kwa miguu, akijivuna njia nzima. Baadaye tulikuja kujua kwamba Urs alifundishwa mjini mambo mawili tu juu ya adabu zetu: sifu kila unachokiona, na ukipewa kitu usikatae. Hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayo mawili yameoana.

Mzee wangu akanyoosha mgongo. Nilimwona akimtazama Burulai. Lakini alikuwa mwana wa baba yake.

"Ni zako," alisema.

Burulai akainuka. Akachukua birika, akammiminia mgeni chai mpaka ukingoni. Kwetu chai humiminwa nusu bakuli, ili mgeni aombe tena na tena. Bakuli likijaa pomoni, maana yake ni: kunywa, uende zako.

"We mtoto!" nikamnong'oneza.

"Nimeteleza mkono, Bibi," alisema, macho makavu.

Urs akalitazama lile bakuli lililojaa, uso ukamchanua. "Ukarimu gani huu! Na bakuli lenyewe zuri!"

Basi akapewa bakuli.

Kufikia jioni alikuwa amemsifu jogoo, akapewa jogoo. Alisifu zulia la sufu nililoshona na marehemu dada yangu, likakunjwa na kufungwa kamba. Alisifu kofia ya mzee wangu, ile ndefu nyeupe, akavikwa palepale. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mgeni alikuja, mwenyeji akabaki kichwa wazi.

"Mzee," nilimwambia jikoni, "mwambie tu mtoto ana mtihani."

"Nimwombe mgeni anirudishie alichopewa? Watu watasema Sagynbai anatoa kwa mkono wa kulia na kupokonya kwa wa kushoto."

"Lakini Burulai..."

"Najua, kikongwe. Najua." Akajishika kichwa, akakuta hakina kofia. "Nitampa skii zangu za mbao."

Skii za mzee ni nyembamba, zilichongwa alipokuwa kijana. Kwenye theluji nene huzama kama vijiko kwenye uji.

Nikaona hakuna njia ila moja: mgeni mwenyewe azichukie zile skii, aziache. Asubuhi ya Ijumaa nikamwendea na tabasamu.

"Bwana Urs, nikuambie ukweli, skii hizo hazifai kitu. Zimeteswa mno. Njoo uone."

"Naomba sana!" alisema, akachukua kamera.

Nikazifunga sambamba, nikapakia marobota ya nyasi, nikamfunga ng'ombe wetu Karala mbele. Kwa kawaida Karala huvuta taratibu. Siku hiyo alimwona Urs na ile kofia ndefu, na nadhani alidhani mzee amerefuka kwa usiku mmoja. Akatimua mbio. Skii zikapita juu ya kuni, juu ya kizingiti cha mawe, zikaparamia tuta la theluji, zikaruka juu pamoja na nyasi, zikatua upande wa pili na kuendelea.

"Bibi," Burulai aliniambia pembeni, kashika mashavu, "unazitukana au unazitangaza?"

Urs alikuwa amepiga magoti anazikagua. "Hata ufa mmoja! Ajabu! Zinatua kama paka!"

Nikajaribu tena. Nikamwonyesha tunavyozilaza juu ya mfereji tupite na ndoo. Mimi si mwepesi, na ndoo zilikuwa zimejaa. Zikapinda katikati mpaka tumbo likagusa maji, mimi nikasimama pale nikisema, "Unaona? Dhaifu!" Nilipovuka zikajinyoosha, zikanirushia maji ya mfereji mgongoni.

"Zina roho ya ujana," Urs alisema.

Mchana lori la Kubat likakwama mbele ya lango letu. Matairi yalizunguka bure kwenye barafu. Kabla sijafungua mdomo, mzee wangu, kwa ukarimu wake usio na breki, akauliza, "Mgeni, utaruhusu tutumie skii zako?" Zikawekwa chini ya matairi ya nyuma. Burulai akaingia ndani, hakutaka kuona. Lori likanguruma, likazipanda, likatoka. Skii moja ilizikwa kwenye theluji, nyingine ikaruka na kujichoma kwenye rundo la samadi, ikasimama wima ikitetemeka.

Kubat akateremka, akaichomoa, akaitazama. "Jamani, hizi si za Burulai? Kesho atashuka na nini?"

Mzee wangu akaanza kukagua mawingu. Burulai, kutoka mlangoni, akasema, "Nitashuka na za babu, kaka Kubat."

"Za babu yako? Zile za kukorogea supu?"

"Ndizo hizo."

Kubat akamtazama yeye, akamtazama mgeni mwenye kofia ya mzee, akamtazama mzee asiye na kofia. Yeye pia ni mtoto wa huku. Akaelewa kila kitu, akapanda lori lake.

Urs naye alikuwa amesimama hapo. Lugha alikuwa anaiokota punje punje, lakini nyuso alizisoma vizuri. Jioni ile alikaa chakulani mdomo umebanwa kama pochi. Nilimwandalia nyama na tambi, akala sahani mbili, jasho likimtoka kwa kujizuia.

"Vipi chakula?" mzee akauliza.

Urs akafikiri sana. "Si... kibaya."

Nilimwona mzee akishusha pumzi. Huenda alihofia sufuria.

Nilipobeba ndoo ya majivu kwenda nje, Urs akainuka, akanipokea, akaibeba yeye. Kule nje akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, nimekosea, siyo? Nikisema nazirudisha?"

"Zawadi hairudishwi, mwanangu. Ukiirudisha umeitema. Mzee wangu atalia, na mimi sijamwona akilia tangu tumzike mama yake."

"Basi nifanye nini?"

"Sijui. Uko nyumbani kwetu, wewe ndiye mgeni." Nikamimina majivu kwenye njia ya lango, pasiteleze. Nikatazama kigari chake kilichosimama pale, na jogoo wetu ndani amelalia usukani. "Hebu niambie. Kile ni gari tu, au ndimo unamoishi?"

"Baridi nzima naishi humo. Kuna kitanda, kuna jiko."

"Kwa hiyo ni nyumba."

"Ni nyumba ndogo."

"Haya," nikasema. "Kalale."

Sikumwambia zaidi, kwa sababu mambo ya heshima ni kama unga unaoumuka, ukifunuafunua unaanguka.

Asubuhi ya Jumamosi watu walikusanyika chini ya Korongo la Mbwamwitu. Urs alikuwa ametangulia na kigari chake, akitaka kuona mtihani. Vijana walikuwa wameshaanza. Mmoja aliangukia kichwa, viazi vyake vikafika kabla yake, naye Kubat akatangaza kwamba wageni wamejiokoa wenyewe. Burulai alisimama pembeni na skii za babu yake. Alijaribu hatua tatu kwenye theluji nene, akazama mpaka magotini. Hakulalamika. Alimshika babu yake mkono na kusema, "Zitatosha, babu," na babu yake akajifanya kupenga kamasi.

Nilikuwa nimevaa kitambaa changu cha kichwa cha sikukuu, na mkate wa moto nimeufunika kifuani, maana hakuna mtu anayekwenda kutembelea nyumba ya watu mikono mitupu.

"Twende, mzee wangu."

"Twende wapi?"

"Mgeni amekaa kwetu siku mbili. Sisi hatujamtembelea kwake. Si aibu?"

Mzee akakunja uso. "Kwake ni mbali."

"Kwake ni pale, kwenye bomba la moshi."

Nikabisha hodi kwenye mlango wa kigari. Urs akafungua, jogoo begani. Aliponiona na mkate, na mzee nyuma yangu amevaa koti lake la harusi za watu, alishtuka, kisha akarudi ndani, tukasikia vitu vikianguka. Akatandika zulia letu sakafuni. Akatukaribisha upande wa ndani kabisa, mahali pa heshima, ingawa hapo mzee alilazimika kukaa magoti yamegusa kidevu. Akatumiminia chai. Nusu bakuli. Nilimwona akipima kwa jicho. Nani alimfundisha? Alikuwa ametazama tu, siku mbili zile, kama anavyotazama skii.

Tukazungumza kama watu waungwana. Nikamuuliza habari za mama yake. Akaniambia yu hai, ana mbuzi. Mzee akauliza mbuzi hao wana afya. Nje tulisikia Kubat akiita, "Burulai! Zamu yako!"

Nikageuza kichwa polepole. Skii zilikuwa zimefungwa ukutani juu ya kitanda.

"Bwana Urs," nikasema, "una skii nzuri sana."

Mzee wangu akanigeukia kwa hofu kama mtu aliyemwona mkewe akiiba msikitini. Urs akanitazama. Kisha ule uso wote, kuanzia sharubu, ukaelewa.

"Bibi!" akapiga kelele, jogoo akaruka. "Zako! Chukua! Ni zako, Bibi, chukua sasa hivi!"

Akazifungua kwa haraka hata akajigonga tena kichwa. Aliponipa, akaonyesha kiti cha buti. "Jana usiku nilizikagua. Skrubu hii ilikuwa imelegea, ubao umelika ndani. Nimejaza gundi, nimeikaza. Ingeng'oka leo. Juu huko, kwenye mwamba." Akaigonga skrubu kwa kidole. "Sikujua nitazipelekaje kwa Burulai. Lakini nilizitengeneza."

Mzee wangu, ambaye alikuwa bado anahesabu adabu kichwani, alifika mwisho wa hesabu yake. Nikaona mabega yake yakianza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Kikongwe wangu," alisema, "baba yangu angekuoa yeye mwenyewe."

Nilimpelekea Burulai skii nikikimbia, na mtu wa umri wangu akikimbia thelujini watu husimama kutazama. Burulai alinibusu kwenye kitambaa, akafunga buti, akabeba gunia, akapanda.

Nilipomwona juu kule alikuwa mdogo kama tone la wino. Akaanza kushuka. Theluji nene ilifuka pande zote, lakini zile mbao pana zilielea. Kwenye mwamba wa katikati, pale wote walipozunguka, yeye aliruka. Mkono wangu uliumia, nikakuta ni mzee ananibana. Akatua, skii zikapinda kama zilivyopinda mferejini, zikajinyoosha, naye akaja moja kwa moja mpaka miguuni kwa Kubat. Wakati wa kutua gunia lilichanika pembeni, kiazi kimoja kilimfuata nyuma kikibingirika.

Kubat akachungulia gunia, akakitazama kile kiazi. "Mgeni amefika," akatangaza. "Amepoteza kidole kimoja, lakini kinakuja. Burulai, kesho asubuhi uje kazini."

Sitaandika jinsi tulivyopiga kelele.

Baadaye tulirudi kigarini kumalizia chai, Burulai naye, mashavu mekundu. Alichukua birika mwenyewe, akammiminia Urs nusu bakuli, kisha akasema, "Samahani kwa la juzi." Urs akasema ndilo bakuli lililomshibisha kuliko yote. Mzee wangu alikuwa ameitazama kofia yake muda mrefu. Akakohoa.

"Kofia hiyo," alisema, akitazama dirishani, "si mbaya."

Ikarudi kichwani kwake kabla hajamaliza kukohoa.

"Na jogoo?" nikauliza.

Urs akamshika jogoo kifuani. Nikaona jinsi alivyomshika, kwa mikono miwili, na jinsi jogoo alivyofumba macho. Mtu anaishi peke yake baridi nzima ndani ya kigari. Nikanywa chai yangu, jogoo sikumsifu.

Jua lilipoanza kushuka tukaaga, tukavaa viatu pale kwenye ngazi ya kigari. Mlango ulikuwa bado wazi, na zulia langu na la dada yangu lilikuwa bado sakafuni mwake, limejaa makombo ya mkate. Urs aliliangalia, akaniangalia mimi, akasimama mlangoni akiinama asijigonge.

"Bibi," alisema, "mimi naondoka Jumatatu. Kesho njooni tena mnitembelee. Kuna kitu hapa hamjakisifu bado."